Metformini haikupimwa kwa watu, karbamazepini ilipimwa: kuna nini hapo?

SWALI: Hujambo Daktari. Mimi ni mteknolojia wa dawa, nina kemisti ndogo mtaani Umoja, Nairobi. Wiki iliyopita alikuja mwakilishi wa kampuni fulani kuniuzia metformini, dawa ya kisukari, ya bei nafuu. Nikamuuliza kama imethibitishwa kuwa sawa na ile ya asili, yaani ya kampuni iliyoitoa kwanza. Akanijibu kwamba hiyo haikuhitaji kupimwa kwa watu "kwa sababu iko daraja la tatu", ilipimwa maabarani tu. Nikamuuliza, na karbamazepini yenu, ile ya kifafa, je? Akasema hiyo ilipimwa kwa watu. Mimi naona mambo yako kinyume: metformini humezwa na watu wengi zaidi, tena chuoni tulifundishwa kwamba mwili hufyonza nusu tu ya dozi yake. Hiyo si njia ya mkato? Nina mzee mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, alibadilishiwa metformini na sasa analalamika tumbo. Nimwambie nini?

JIBU: Sijambo, dada, na asante. Swali lako lina ukali wake, na nimelifurahia kwa sababu hata wafamasia wenye digrii hulikwepa. Mzee wako nitamrudia mwishoni, maana nina shaka tatizo lake haliko pale unapolitafuta. Kwa sasa tumalizane na mwakilishi. Alichokuambia ni kweli, ila alikupa kipande cha kwanza cha maelezo akaondoka na vingine vyote kwenye mkoba wake.

Tunapouliza kama jeneriki, yaani nakala ya kiwanda kingine, ni "sawa" na dawa ya asili, hatuulizi kama kiini chake ni kilekile. Hilo maabara hulijua upesi. Tunauliza kama kiini hicho kinafika kwenye damu kwa kiasi kilekile na kwa mwendo uleule. Njia ya kawaida ya kujua ni kutafuta watu wazima wenye afya, mara nyingi ishirini na kitu au zaidi, wakiwa hawajala kitu tangu usiku. Nusu wanapewa dawa ya asili na nusu jeneriki, wanatolewa damu mara nyingi kwa saa kadhaa, kisha wanaachwa siku za kutosha hadi dawa iishe mwilini. Wakirudi wanabadilishana. Kwa hiyo kila mtu analinganishwa na yeye mwenyewe. Katika damu hiyo tunatafuta namba mbili: kilele ambacho dawa ilifikia, na jumla ya dawa iliyopita kwenye damu kwa muda wote. Namba hizo zikikaribiana vya kutosha kati ya dawa mbili, tunasema zina usawa wa kibiolojia, au bioekwivalensi.

Hapa nikae kidogo, kwa sababu kuna uvumi unaozunguka hata hospitalini: eti sheria inaruhusu jeneriki iwe na dawa asilimia 80, au 125, wewe na bahati yako. Sivyo. Kwanza, kiasi cha kiini ndani ya kidonge kina mipaka yake mingine, iliyo mikali zaidi. Pili, zile 80 na 125 haziuliziwi wastani. Unachukua uwiano wa jeneriki kwa ile ya asili, unakokotoa eneo la uhakika wa asilimia 90 kuzunguka uwiano huo, na eneo zima, ncha ya chini na ncha ya juu, ndilo linalotakiwa kukaa kati ya 80 na 125. Dawa ambayo wastani wake ni 85 ncha yake ya chini kwa kawaida itachungulia nje ya 80, nayo itaanguka. Ndiyo maana zinazofaulu wastani wake huwa karibu na 100. Na ukijiuliza mbona upande mmoja ni hatua 20 na mwingine 25, ni kwa sababu hesabu hufanywa kwa logi: gawanya 100 kwa 80 utapata 1.25.

Sasa, kipimo hicho cha watu si kitu kitakatifu. Unampa kemikali mtu asiyeumwa. Unatumia fedha nyingi, na viwanda vyetu vingi huishia kupeleka vidonge India vikapimwe huko. Halafu matumbo ya watu hayafanani: leo la huyu limejimwaga haraka, kesho limechelewa. Ikiwa vidonge viwili havina jinsi ya kutofautiana ndani ya tumbo, basi unachopima kwa gharama yote hiyo ni tofauti za matumbo. Ni lini basi kipimo cha watu kinatuambia jambo ambalo chombo cha maabara hakiwezi kutuambia?

Waliolijibu swali hilo kwa namna iliyobadilisha kazi yetu walikuwa wanne: Gordon Amidon wa Chuo Kikuu cha Michigan, Hans Lennernäs wa Uppsala nchini Sweden, Vinod Shah wa mamlaka ya dawa ya Marekani, na John Crison. Mwaka 1995 walichapisha makala iliyosema, kwa ufupi, kwamba ukijua mambo mawili tu kuhusu kiini cha dawa, yaani kinavyoyeyuka na kinavyopenya ukuta wa utumbo, umejua sehemu kubwa ya kitakachotokea mtu akimeza kidonge.

Nikupe picha ya hapo kwenu. Kidonge ni matatu. Kiini cha dawa ni abiria. Utumbo ni barabara, na kandokando yake kuna mtaa wenye ukuta na geti lenye soja. Ndani ya mtaa huo ndiko damu iliko. Abiria ana kazi mbili: ashuke kwenye matatu, kisha apite geti. Kushuka ndiko kuyeyuka. Kupita geti ndiko kupenya. Ambaye hajashuka hawezi kupita geti, kwa sababu ukuta wa utumbo haupitishi punje, hupitisha molekuli moja moja iliyokwisha kuyeyuka. Na barabara hiyo ni ya mwendo wa upande mmoja: kwenye utumbo mwembamba safari huchukua saa tatu na dakika kadhaa kwa wastani, baada ya hapo gari limepita mtaa.

Kwa kazi hizo mbili, wale wanne waligawa viini vya dawa katika madaraja manne. Daraja la kwanza ni abiria wanaoshuka upesi na geti liko wazi. Metoprololi na propranololi ndizo mifano ya siku zote. Daraja la pili wanashindwa kushuka, lakini wakishashuka soja hana neno nao: karbamazepini, fenitoini, ibuprofeni, efavirenzi. Daraja la tatu wanashuka wote mara moja, kisha wanapanga foleni getini: metformini, atenololi, lamivudini. Daraja la nne wana shida zote mbili, na mfano unaotajwa darasani ni furosemidi, ambayo kiasi kinachofyonzwa hutofautiana vibaya sana kati ya mtu na mtu.

Angalia nilichokifanya hapo, dada. Nimepanga abiria. Sijapanga matatu. Daraja ni la kiini, si la kidonge, na hapo ndipo mwakilishi wako alipokukatia maelezo. Kusema "metformini yetu iko daraja la tatu" ni kusema jambo ambalo ni kweli kwa metformini ya kila kiwanda duniani, nzuri na mbovu. Daraja haliipi dawa alama ya kufaulu. Linakueleza tu ni wapi matatu inaweza kuleta tofauti, na kwa hiyo upime nini.

Chukua daraja la pili. Geti liko wazi, foleni iko mlangoni mwa gari. Mlango ukiwa mpana abiria wengi wanashuka na wengi wanaingia mtaani. Mlango ukiwa na kutu, nusu wanapitilizwa. Hapo kila kitu cha matatu kina uzito: ukubwa wa punje za kiini, umbo la fuwele, kijazio, nguvu ya mashine iliyokibana kidonge. Viwanda viwili vyenye kiini kilekile vinaweza kutoa dawa mbili tofauti. Australia walilijua hilo kwa uchungu mwishoni mwa miaka ya 1960. Kapsuli za fenitoini zilibadilishwa kijazio tu, salfeti ya kalsiamu ikatolewa ikawekwa laktosi, sukari ya maziwa. Dozi haikuguswa. Wagonjwa wa kifafa waliokuwa wametulia kwa muda mrefu wakaanza kuyumba kama walevi, kwa sababu kijazio cha zamani kilikuwa kikizuia sehemu ya dawa isifyonzwe na kipya hakikuzuia. Fenitoini ina tabia nyingine mbaya juu ya hiyo: ini likizidiwa kidogo tu, kiwango katika damu kinapaa.

Karbamazepini ni ndugu yake. Dozi ya miligramu 400 inahitaji zaidi ya lita moja ya maji ili iyeyuke yote. Ikinyonya unyevu, fuwele zake hubadilika na kidonge kinakuwa kigumu. Mamlaka ya Marekani ilishawahi kuonya kwamba vidonge vilivyokaa penye unyevu vinaweza kupoteza hadi theluthi moja ya nguvu yake. (Mwambie mteja wako anayeiweka juu ya sinki la bafu aitoe huko. Na kama una jamaa mwenye kemisti Mombasa, mwambie mara mbili.) Zaidi ya hayo, kati ya kiwango cha karbamazepini kinachozuia kifafa na kile kinachodhuru hakuna nafasi kubwa. Dawa za mwanya mwembamba kama huo hazipewi msamaha wa kutopimwa kwa watu, hata zikiwa za daraja gani. Kwa hiyo karbamazepini ilipimwa kwa watu kwa sababu mbili, na moja tu ingetosha.

Sasa njoo kwenye metformini yako. Umesema kweli, mwili huchukua nusu hivi: kati ya asilimia 50 na 60 ya dozi. Lakini swali letu halikuwa kinachofika ni kingi au kichache. Swali ni nani anayekizuia. Metformini inayeyuka majini kama chumvi. Gramu nzima inahitaji mililita chache tu, vijiko vya chai. Basi muda mfupi baada ya kumeza, abiria wote wako chini, matatu tupu. Foleni iko getini, na geti ni lako wewe mgonjwa: metformini ina chaji ya umeme, haipenyi mafuta ya kuta za chembe, inabidi ibebwe na protini maalumu zilizopo hasa sehemu ya juu ya utumbo mwembamba. Soja haulizi abiria amekuja na matatu gani. Atapitisha nusu ya walioletwa na dawa ya asili, na nusu ya walioletwa na jeneriki. Ule udhaifu ulioutaja, kwamba nusu haifyonzwi, ni udhaifu wa dawa zote mbili kwa kiasi kimoja.

Ndivyo inavyokuwa dawa inayofyonzwa vibaya inaweza kusamehewa kipimo cha watu, na inayofyonzwa vizuri isisamehewe. Mimi nilipolisikia hilo mara ya kwanza darasani nililikataa kama wewe.

Lakini msamaha huo una masharti, na hayo ndiyo ambayo mwakilishi hakuyafungua.

Sharti la kwanza ni kuyeyuka kwenyewe, na limepimwa kwa glasi ya maji. Sifanyi mzaha. Kiini huhesabiwa kuwa kinayeyuka vizuri ikiwa dozi kubwa kabisa ya mara moja inayeyuka yote katika mililita 250 au pungufu, kwa joto la 37, katika pH (kipimo cha ukali wa asidi) zote kuanzia 1.2 hadi 6.8. Hizo 250 zilitoka wapi? Ni ile glasi ya maji wanayopewa watu wanaojitolea kwenye kipimo cha bioekwivalensi. Maana yake pia ni kwamba daraja hutegemea dozi: kiini kilekile kinaweza kuwa kinyeyukaji kwa miligramu 5 na kisiwe hivyo kwa miligramu 500. Upenyaji nao una mstari wake: asilimia 85 ya dozi au zaidi iwe inafyonzwa. Zamani Marekani walikuwa wakidai 90. Mara nyingi hilo huthibitishwa kwa takwimu za watu zilizokwisha kuchapishwa, au kwa kutandaza chembe ziitwazo Caco-2 juu ya kichujio na kutazama dawa ikivuka. Chembe hizo asili yake ni saratani ya utumbo mpana wa mgonjwa mmoja. Ukizilea wiki tatu hujipanga kama ukuta wa utumbo mwembamba. Mambo ya maabara yana miujiza yake.

Sharti la pili ni la matatu yenyewe. Usichanganye kuyeyuka na kuyeyuka haraka. Digoksini dozi yake ni ndogo mno, robo ya miligramu, kwa hiyo glasi ya maji inaimudu bila taabu. Lakini mwaka 1971 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba vidonge vya digoksini vya viwanda tofauti, dozi moja, vilitofautiana hata mara saba katika damu. Punje za kiwanda kimoja zilikuwa kubwa kuliko za kingine na ziliyeyuka polepole. Glasi ilitosha, muda ndio haukutosha.

Kwa hiyo vidonge 12 vya jeneriki na 12 vya asili huwekwa katika chombo kile ulichokiona chuoni: vikombe vya lita moja, maji mililita 900 au pungufu, kasia likizunguka mara 50 kwa dakika. Hufanywa mara tatu, kwa pH 1.2 ambayo ni asidi ya mfuko wa tumbo, kwa 4.5, na kwa 6.8 inayofanana na utumbo. Daraja la kwanza wanatakiwa asilimia 85 iwe imeyeyuka ndani ya dakika 30, na mistari ya dawa hizo mbili ifuatane. Ufuatano huo hupewa alama iitwayo f2, ambayo inatakiwa ifike 50, yaani tofauti ya wastani isizidi asilimia 10 hivi. Daraja la tatu wamebanwa zaidi: asilimia 85 ndani ya dakika 15, dawa zote mbili, pH zote tatu. Dakika 15 si namba ya kuokotwa. Mfuko wa tumbo tupu humwaga nusu ya maji yake kwa dakika 15 hadi 20. Kidonge kikiyeyuka kabla ya hapo, mwili unakiona kama sharubati iliyonywewa, na sharubati mbili za kiini kimoja hazina pa kutofautiana. Daraja la tatu hawana nafasi ya kuchelewa kwa sababu geti lao liko mwanzoni mwa barabara.

Nikuambie kisa. Miaka mingi iliyopita, kwenye kiwanda kimoja hapa Industrial Area, tulitengeneza kidonge cha daraja la tatu kilichong'aa kama kokoto ya mtoni. Kilifaulu kipimo cha kawaida cha kitabu cha viwango, ambacho huuliza mara moja tu baada ya dakika nyingi. Bosi akaagiza chai na mandazi. Kijana wa maabara, ambaye alikuwa bado yuko kwenye mafunzo, akakirudia kwa dakika 15 katika pH 4.5, akapata asilimia 60 na kitu. Gundi ya kidonge ilikuwa imezidi. Mandazi yaliliwa, lakini kwa kimya. Miezi minne ilipita kabla hatujakipata kidonge kingine.

Sharti la tatu ndilo ninalolipenda, na ndilo linalosahaulika. Nilisema soja haulizi matatu. Ndivyo, ila kuna makanga. Makanga ni vile viambato visivyo dawa: vijazio, vitamu, sabuni za kulainisha, rangi. Wako makanga wanaoshuka na kumvuruga soja. Mfano uliopimwa vizuri ni sorbitoli, sukari ya kutamuishia dawa za maji. Watu walipopewa ranitidini (ile iliyokuja kuondolewa katika masoko mengi kwa sababu nyingine kabisa) pamoja na gramu 5 za sorbitoli, kiasi kilichoingia kwenye damu kilishuka karibu nusu. Sorbitoli huvuta maji ndani ya utumbo na kuharakisha mwendo. Abiria wanapitishwa stegi yao kabla foleni haijasogea. Metoprololi, ya daraja la kwanza, ilipofanyiwa vivyo hivyo, jumla yake kwenye damu haikutikisika sana, kwa sababu abiria wake wana mageti wazi barabara nzima.

Ndiyo sababu jeneriki ya daraja la tatu inayoomba msamaha inatakiwa iwe na viambato vilevile vya dawa ya asili, na kwa viwango vinavyokaribiana. Tofauti zote zikijumlishwa zisizidi asilimia 10 ya uzito wa kidonge, ukiacha ganda la nje. Daraja la kwanza wamelegezewa zaidi hapo. Ukitaka kujua kama mwakilishi anaijua bidhaa yake, usimuulize daraja. Muulize kidonge chao kina viambato gani na cha asili kina vipi.

Historia ya msamaha huu haikwenda moja kwa moja. Marekani walianza mwaka 2000 kwa daraja la kwanza peke yake. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2006, likafungua mlango kwa daraja la tatu, na hata kwa baadhi ya asidi dhaifu za daraja la pili kama ibuprofeni, kwa hoja kwamba haziyeyuki kwenye asidi ya tumbo lakini zikifika pH 6.8 zinayeyuka vizuri. Hoja hiyo mimi haikuwahi kunituliza. Ibuprofeni jumla yake kwenye damu inaweza kulingana huku kilele kikipishana, na mtu mwenye jino linalouma anataka kilele, hataki jumla. Mwongozo wa kimataifa uitwao M9, uliokamilishwa Novemba 2019, umeishia daraja la kwanza na la tatu. La pili na la nne wanakwenda kupimwa kwa watu. Nadhani walifanya vyema.

Na msamaha wote huu ni wa dawa za kumeza zinazoachia kiini mara moja. Si za kuweka chini ya ulimi, wala si zile zinazoachia polepole kwa saa nyingi. Shika hilo, tutalihitaji sasa hivi.

Kwa hiyo si njia ya mkato, kama masharti yametimizwa. Anayeyakagua hapa kwetu ni Bodi ya Famasia na Sumu, ile PPB ya barabara ya Lenana, nawe unaweza kutazama kwenye orodha yao kama bidhaa uliyoletewa imesajiliwa. Kisichosajiliwa usikiweke kwenye rafu hata kama bei yake inakukonyeza. Na kumbuka msamaha unahusu kidonge kile kilichopelekwa kwenye usajili. Kiwanda kikibadilisha gundi au mashine baadaye, kinapaswa kurudi kwa Bodi kikaeleze.

Haya, mzee. Amebadilishiwa metformini, tumbo linamsumbua. Wazo la kwanza la kila mtu ni kwamba jeneriki ni mbovu. Lakini fikiria kwa hayo tuliyoyasema: kidonge cha metformini kinachoyeyuka vibaya kingempunguzia dawa, sukari ingepanda. Tumbo la kujaa gesi na kuharisha ni tabia ya metformini yenyewe, hasa inapofika utumboni yote kwa mkupuo. Nani angefikiwa na mkupuo ambao hakuuzoea? Mtu aliyekuwa akimeza ile ya kuachia polepole, akabadilishiwa ya kawaida. Zote mbili zimeandikwa metformini 500, na ukiwa na haraka jioni na foleni imefika mlangoni, zile herufi ndogo za XR au SR hazionekani.

Mwambie aje na pakiti ya zamani na mpya, uziweke kwenye kaunta pamoja. Muulize pia anaimeza lini, maana wengi huimeza asubuhi kabla ya chai na hapo tumbo hulalamika hata kama dawa haikubadilika. Imezwe pamoja na chakula. Ukikuta alikuwa kwenye XR, usimsahihishie mwenyewe wala usimpunguzie dozi. Mpigie daktari aliyemwandikia, umweleze ulichokiona, aamue yeye. Usimwambie mzee aiache dawa akisubiri. Pakiti zikiwa za aina moja na bado anateseka, angalia rangi ya vidonge, harufu, tarehe, kama vinamomonyoka, uandike namba ya toleo. Kisha ujaze fomu za Bodi, ya waridi kwa ubora unaotiliwa shaka na ya manjano kwa madhara, au uzitume kwa mtandao wao. Niandikie ulichokuta kwenye zile herufi ndogo.